Daktari anauliza habari za meno, mimi najua ni sindano

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29 na amelazwa wodini. Tumezaliwa wawili tu, baba alishafariki, kwa hiyo hapo kitandani tunapokezana mimi na mama. Ilianza homa ya kutetemeka, meno yanagongana usiku kucha. Kisha mguu wa kushoto ukavimba kuanzia pajani. Tukawa tunangoja ipite. Ilipofika mahali anakohoa na kushika ubavu kila akivuta pumzi, nikamburuta hospitali kwa nguvu.

Walimpiga ultrasaundi wakakuta damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa paja. Picha ya kifua ikaonyesha madoa yaliyotapakaa kwenye mapafu yote mawili. Wakamtoa damu ya kuotesha, ikawa siku zinapita na jibu ni lile lile, hakuna kilichoota. Halafu daktari akaja asubuhi moja akasema kuna kitu kimeota, tena kwenye chupa moja tu, ile isiyo na hewa. Alikitaja jina: Fusobacterium. Akasema ni bakteria anayekaa mdomoni na kooni, na si kawaida kumkuta kwenye damu.

Tangu siku hiyo maswali yote ni ya koo na meno. Ameumwa tonsili karibuni? Ana jino bovu? Wanapanga kumpiga picha ya shingo, na daktari wa meno amepewa taarifa. Mguu, ndugu yangu amewaambia aliumia mpirani.

Mshauri, mimi najua ukweli. Anajidunga unga. Mishipa ya mikono ilishakufa siku nyingi, akahamia kinenani. Kuna siku mlango haukufungwa vizuri nikamwona: alilamba ncha ya sindano kwanza, ndipo akachoma. Aliponiona aliniapiza. Akasema nikimwambia mtu yeyote, na hasa mama, nihesabu kwamba sina ndugu.

Mama ndiye anayejibu maswali mengi ya madaktari, na hajui lolote.

Usiku ndiyo shida yenyewe. Anatoka jasho, anapiga miayo, miguu haitulii, anatapika. Manesi wanasema ni maambukizi. Mimi naijua arosto nikiiona. Kuna rafiki yake amekuja kumwona mara mbili, na kila akiondoka ndugu yangu analala kama hajawahi kuumwa. Ana dripu mkononi, na wazo linalonijia kuhusu hiyo dripu nashindwa hata kuliandika. Sasa anasema anataka kusaini aondoke.

Jana daktari aliniita pembeni koridoni akaniuliza, "Kuna jambo lolote kuhusu mgonjwa ambalo sijaambiwa?" Nikamjibu kwamba nitamuuliza mwenyewe. Nilitaka kusema, lakini siku mbili kabla nilimsikia nesi akimsema mgonjwa mwingine kwamba mateja wanajitakia na wanajaza vitanda vya watu. Nikaogopa.

Bakteria wameshampata, dawa wameshaanza. Je, mdudu aliingilia wapi kuna tofauti gani tena? Nikinyamaza nitakuwa nimemuua? Nikisema nitakuwa nimempoteza?

Dada mwenye siri

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nikiielewa vizuri barua yako, umebeba mambo matatu ukayafunga kwenye kitambaa kimoja: kumwambia daktari, kumwambia mama, na kumzuia ndugu yako asiondoke. Yakiwa pamoja hayabebeki. Nadhani hata kiapo kile kilikuwa zaidi cha mama kuliko cha daktari, ingawa hilo analijua ndugu yako mwenyewe. Nitaomba tuyaachanishe, na mama tumweke mwisho kabisa.

Nianze na swali lako la kitabibu, kwa sababu umeliuliza kama mtu anayetamani kuambiwa kwamba haijalishi. Inajalisha, na si kwa sababu moja.

Daktari wenu anafuata njia inayojulikana, hapotei ovyo. Mwaka 1936 daktari Mfaransa, André Lemierre, aliandika kuhusu vijana waliokuwa wazima kabla ya hapo: koo linauma, kisha mshipa wa shingoni unaganda damu yenye bakteria, kisha vipande vya bonge lile vinakatika na kusafiri hadi mapafuni. Alieleza wagonjwa 20, na 18 kati yao walikufa, maana antibayotiki zilikuwa bado. Mdudu anayehusika zaidi na ugonjwa huo ni wa kundi hili la Fusobacterium. Kwa hiyo daktari akiona mapafu yenye madoa na jina hilo kwenye karatasi ya maabara, macho yake yanakwenda shingoni. Angefanya vingine angekuwa daktari mbaya.

Ila bonge la ndugu yako liko pajani. Anayejidunga kinenani anaweza kupata ugonjwa wa mtindo ule ule, umehamia chini tu: mshipa mkubwa wa kinena unajeruhiwa tena na tena, damu inaganda, bakteria wanapata makao yasiyo na hewa, na vipande vinaelekea mapafuni. Mate ya kwenye sindano ni usafiri unaojulikana wa bakteria wa mdomoni. Sijamwona ndugu yako, kwa hiyo siwezi kukuhakikishia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini ulichokiona mlangoni ni habari ambayo daktari yeyote angependa kuwa nayo.

Angefanya nini nayo? Kwanza angegeuza picha. Badala ya shingo peke yake, angetaka kinena kionekane vizuri: kama kuna usaha umejificha kando ya mshipa, kama kuna kipande cha sindano kilichovunjikia ndani. Na kuna hili ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Ateri kubwa ya mguu inapita hapo hapo, imekaribiana na mshipa. Sindano iliyoikosea inaweza kuidhoofisha ukuta wake, ukatokea uvimbe unaofanana kabisa na jipu, kumbe ndani ni damu inayodunda. Akitokea mtu akaupasua bila kuupiga picha kwanza, mgonjwa anaweza kumwaga damu akafa mikononi mwake. Ukiona au ukisikia kwamba ana uvimbe kinenani, taarifa hiyo haingoji mashauriano ya familia.

Halafu kuna moyo. Kwa wanaojidunga, vali za moyo hushambuliwa mara nyingi, na mshambuliaji mkuu ni Staphylococcus wa kwenye ngozi. Hawa wasiopenda hewa ni wachache sana. Lakini pia hawana tabia ya kutembea peke yao. Wanaota polepole, ndiyo maana mlisubiri siku zile zote, na chupa iliyoonyesha mmoja haiwi hakikisho kwamba hakuna wengine. Tena dawa zinatofautiana. Gentamicin, kwa mfano, inahitaji oksijeni ili iingie ndani ya bakteria, hivyo kwa hawa haifui dafu. Metronidazole ndiyo inayowaweza vizuri, wakati Staphylococcus hashtuki nayo. Unaona sasa kwa nini njia ya kuingilia ina uzito: ndiyo inayomwambia daktari ni nani wengine wa kuwatafuta. Ongeza vipimo vya VVU na homa ya ini B na C, na chanjo ya pepopunda, ambavyo kwa mtu "aliyeumia mpirani" huenda visiagizwe vyote.

Na arosto. Hili nalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu ndilo linalowatoa watu wodini kabla dawa hazijamaliza kazi. Kwa mtu wa heroini inaanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, inapanda kileleni kwenye siku ya pili au ya tatu, na mwili hutulia kiasi ndani ya wiki hivi, ingawa usingizi na hamu hukawia. Inatibika. Methadoni au dawa za namna yake, zikitolewa kwa kipimo na kwa uangalizi, zinamwezesha mgonjwa kukaa kitandani. Lakini hakuna wa kumpa methadoni mtu ambaye wanadhani anatetemeka kwa homa. Na ikifika hatua hiyo, daktari ataangalia pia mapigo ya moyo, kwa sababu methadoni na baadhi ya antibiotiki zikikutana zinaweza kuuvuruga mwendo wake. Hata hilo linahitaji ukweli.

Sasa niruhusu nikuulize juu ya mambo mawili unayoyachukua kama yameshathibitika.

La kwanza ni kwamba hawajui. Mwanangu, mikono ya mtu aliyejidunga hadi mishipa ikafa inasomeka. Nesi anayehangaika kutafuta mahali pa kuweka dripu ameshaisoma. Na daktari anayemwita ndugu wa mgonjwa koridoni akauliza kama kuna jambo hajaambiwa, sidhani kama alikuwa anauliza habari za meno. Inawezekana anahisi, na anasubiri mtu ampe ruhusa ya kuliuliza waziwazi bila mama kuwepo. Sisemi ni hakika. Nasema tu kwamba siri yako inaweza kuwa nyepesi kuliko unavyoihisi.

La pili ni kwamba anaficha kwa sababu ya aibu. Umemuuliza? Wengine wanaogopa polisi. Wengine wanaogopa kunyimwa dawa ya maumivu, jambo ambalo kweli huwatokea. Wengine hawana wazo kwamba sindano ina uhusiano na mapafu, wanaamini kabisa ni vitu viwili tofauti. Hofu ya polisi huwezi kuituliza kwa maneno yale yale unayotumia kwa hofu ya mama. Huyo nesi uliyemsikia, kwa kweli, alinikera hata mimi niliyesoma tu. Lakini wodi haina nesi mmoja. Angalia ni yupi anayemgusa ndugu yako kwa upole, huyo ndiye wa kuanza naye.

Njia zilizopo mbele yako ninaziona hivi.

Unaweza kuongea naye kwanza. Chagua saa ambayo arosto haijapanda na mama hayupo, na usianze na lawama. Mwambie ulichoambiwa na daktari: mdudu wa mdomoni, bonge pajani, mapafu. Mwambie kwamba wanatafuta shingoni na wewe unajua hapako. Kisha nyamaza umwachie nafasi. Hatari yake ni kwamba anaweza kukana, akakasirika, akasaini siku hiyo hiyo. Hatari nyingine ni kuongea, kuahidiwa "kesho nitasema", na kesho zikafuatana huku homa inapanda. Ukiichagua njia hii, jiwekee mwenyewe kikomo cha saa, usihesabu kwa siku.

Au huenda kazi yako si kusema chochote. Huenda ni kumtoa mama chumbani. Mgonjwa mtu mzima ana haki ya kuonana na daktari peke yake, na unaweza kumwomba daktari hilo tu: "Naomba uongee naye mkiwa wawili, na umchunguze mguu wote mpaka kinenani." Hapo hujavunja kiapo, na daktari mwenye akili ameshaelewa. Ndugu yako naye hahitaji kutamka neno, kovu linajieleza. Ubaya wa njia hii ni kwamba inategemea daktari aelewe na apate muda, na wodi zenye watu wengi hazina muda.

Au unaweza kumwambia daktari wewe mwenyewe. Kabla hujafungua mdomo, uliza: "Nikikwambia jambo la siri kuhusu mgonjwa, litaandikwa wapi, na litafika kwa nani?" Madaktari wanafungwa na usiri wa mgonjwa, lakini sheria za nchi hazilingani, na una haki ya kupata jibu hilo kabla. Ukisema, sema machache yanayotibu: anajidunga, kinenani, analamba sindano, anapata arosto. Jina la rafiki na mahali unga unapotoka si dawa ya mtu yeyote. Hatari hapa unaijua: anaweza kukukasirikia kweli, na kwa muda mrefu. Pia anaweza kuhudumiwa vibaya zaidi, kama nesi yule ndiye atakayebeba habari.

Na unaweza kunyamaza. Sitaki kuidharau njia hii, kwa sababu wapo wanaoamini kwa dhati kwamba mwili ni wa mwenyewe, akili anazo, na siri yake si ya kugawiwa hata kwa nia njema. Wana hoja. Isitoshe dawa zimeshaanza, na wengine hupona hivyo hivyo. Ila kunyamaza nako kuna gharama nilizozitaja: uvimbe unaodunda ambao haujapigwa picha, moyo ambao haujaangaliwa, arosto inayomsukuma mlangoni. Na hoja ya "akili anazo" inasimama akiwa timamu tu. Akianza kuchanganyikiwa, kupumua kwa haraka, ngozi ikiwa baridi, mkojo umekata, hapo hakuna wa kumuuliza ruhusa.

Kuhusu dripu, wazo lako si la ajabu. Hutokea. Kuna hatari ya kuingiza bakteria wapya moja kwa moja kwenye damu, na kuna hatari ya kuzidisha dozi, hasa mapafu yakiwa tayari yamechoka. Hata kama hutaki kumtaja rafiki, unaweza kumwambia nesi kwamba baada ya wageni analala usingizi usio wa kawaida, waangalie anavyopumua.

Tuseme ameng'ang'ania na anaondoka. Familia nyingi hapo huona mchezo umekwisha, wanagombana, anatoka bila kitu. Si lazima iwe hivyo. Metronidazole ya vidonge inafyonzwa tumboni karibu sawasawa na ile ya dripu, kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: "Akikataa kubaki, mnaweza kumpa mpango wa vidonge na tarehe ya kurudi?" Ni mpango dhaifu kuliko kubaki, matibabu ya bonge lenye bakteria huenda kwa wiki kadhaa, lakini ni bora kuliko mikono mitupu. Mkumbushe pia kwamba pombe haichanganywi na dawa hiyo.

Na umwambie hili hata kama mmenuniana: kama amekaa wodini akitumia kidogo au bila kutumia, mwili wake umeshasahau. Kiasi alichokuwa anajipiga zamani kinaweza kumuua sasa. Asijidunge akiwa peke yake, na kama naloxone, dawa ya kumwamsha aliyezidisha dozi ya unga, inapatikana mlipo, iwepo ndani na ujue kuitumia.

Najua kumweleza mtu namna ya kujidunga kwa hatari ndogo kunawaudhi baadhi ya wasomaji wangu. Wataniandikia. Mimi naona aliye hai ndiye anayeweza kuacha. Asilambe sindano wala ngozi. Sindano mpya kila mara, maji yake, kijiko chake, ngozi ioshwe. Aache kinena, na shingo asiiguse kamwe. Akikwambia kwamba anachemsha unga kwa hiyo vijidudu vinakufa, mweleze yaliyotokea Scotland, Uingereza na Ireland mwaka 2000. Watu zaidi ya 100 waliokuwa wakijidunga waliugua ndani ya miezi michache, makumi wakafa, na aliyetajwa kuwa mhusika mkuu alikuwa Clostridium novyi, naye ni bakteria asiyependa hewa. Wengi walikuwa wamechoma kwenye nyama au chini ya ngozi. Bakteria wa jamii hiyo hujifunga ndani ya spora, yaani ganda gumu la kujikinga, na spora haifi kwa moto wa kijiko. Pepopunda na botulismu, ugonjwa wa kupooza misuli, vinatoka kwenye jamii hiyo hiyo. Kwa hiyo taya likikaza, kope zikilegea, akiona vitu viwili viwili, au mguu ukiuma kupita unavyoonekana, ngozi ikibadilika rangi au ikitoa mlio wa kukwaruza ukiibonyeza, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa mama. Hakuna matibabu yanayomhitaji mama ajue wiki hii. Daktari anaweza kujua leo na mama asijue mwaka huu, au asijue kabisa, au aje kuambiwa na mwanawe mwenyewe akiwa na nguvu. Huenda hilo ndilo jambo pekee unaloweza kumwahidi ndugu yako bila kumdanganya, na huenda ndilo alilokuwa anahitaji kulisikia ili akubali mengine.

Umeuliza kama utakuwa umemuua au umempoteza. Maneno hayo mawili ni makubwa mno kupewa mtu ambaye hajalala. Bakteria hukumpa wewe. Je, yupo hata mtu mmoja nje ya wodi ile unayeweza kumwambia haya, asiye mama na asiye mgonjwa? Kama hospitali ina ofisa wa ustawi wa jamii au mshauri nasaha, unaweza kuingia kwake leo bila kutaja jina la mtu, na swali la nani aambiwe mkalipanga pamoja kabla daktari hajapita tena.